Walipokuja Wenyewe

Mwaka 1983 madaktari mkoani Kagera walitambua wagonjwa watatu wa ukimwi, wa kwanza kujulikana nchini Tanzania. Kufikia mwaka 1986 ugonjwa ulikuwa umeripotiwa katika kila mkoa wa Bara. Mwaka 1987 watafiti waliopima damu za wakazi wa mji wa Bukoba walikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana virusi. Sisi tuliokuwa watoto vijijini hatukuzijua takwimu hizo. Tulichojua ni misiba. Kwa desturi ya Wahaya, kijiji kikifiwa watu huweka majembe chini siku kadhaa, wakashinda na kulala matangani pamoja na wafiwa. Miaka ile wazee walilazimika kuzipunguza siku za matanga, kwa sababu desturi ingeshikwa kama zamani, migomba ingemezwa na magugu na watoto wangelala na njaa. Machozi ya kumlilia mmoja hayajakauka, mwingine alikuwa ameshaletwa kutoka mjini, amefungwa blanketi juu ya baiskeli.

Ugonjwa ulikuwa na jina la mitaani, Juliana, jina la nguo iliyovushwa kwa magendo kutoka Uganda na kupendwa na vijana. Lilitamkwa kwa kunong'ona. Watu hawakujua kama ugonjwa unapita kwenye kikombe, kwenye shuka, kwa mbu au kwa pumzi, basi wakaviogopa vyote. Rafiki wa jana alizunguka njia ya nyuma asipite mbele ya mlango wa mgonjwa. Wapo ndugu wa damu waliofikisha chakula kizingitini wakakiacha hapo.

Naikumbuka miaka hiyo kwa uchungu, na pia kwa shukrani, kwa sababu ndipo nilipoiona neema ya Mungu ikifanya kazi kwa mikono ya watu. Ninapoitazama leo yetu kutokea kule, moyo unaniuma. Kuna kitu Wakristo wa kizazi kile walikuwa nacho ambacho sisi, pamoja na yote tuliyoongezewa, tumekiacha kituponyoke.

Walioingia katika nyumba za wagonjwa miaka ile walikuwa watu wa uamsho, wale tuliowaita walokole. Chimbuko lao ni Gahini nchini Rwanda, kituo cha misheni cha Kianglikana chenye hospitali. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aliyefanya kazi huko, Joe Church, alikutana Namirembe mjini Kampala na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, aliyekuwa mtumishi Gahini, alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, lakini jambo lilikuwa limeshaanza. Lilivuka mipaka, likaingia Bukoba, likawakuta Walutheri. Josiah Kibira, aliyekuwa Askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania kuanzia mwaka 1964, na ambaye mwaka 1977 alichaguliwa jijini Dar es Salaam kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Walutheri Duniani, alikuwa mtoto wa uamsho huo.

Walikutana kila wiki, mara kanisani, mara sebuleni kwa mmoja wao. Walichokiita kutembea nuruni kilikuwa hiki: mtu alisimama mbele ya wenzake akaitaja dhambi yake kwa jina lake. Hakusema tu kwamba yeye ni mkosefu kama wanadamu wote. Alisema nimechukua shuka za hospitali, nimemchukia shemeji yangu mwaka mzima, nimepunja mizani. Wenzake walimwimbia Tukutendereza, ule wimbo wa Kiganda uliokuwa alama yao, wakamkumbatia. Kesho yake ulimwona akipita na shuka kichwani, anazirudisha. Awe mwalimu, karani au mkulima asiyejua kusoma, wote waliitana ndugu, maana wote walikuwa wamesimama pale chini ya msalaba hali hawana cha kujitetea.

Hilo ndilo lililowaandaa kwa ajili ya tauni, ingawa wenyewe hawakujua wanaandaliwa. Mtu aliyezoea kusema waziwazi kwamba yeye ni mdhambi aliyesamehewa bure hapati shida kuingia nyumba ya mtu anayesemwa ni mdhambi. Ule mstari ambao kijiji kiliuchora kati ya wasafi na wachafu, wao walikuwa wameshaukana siku nyingi. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi nchini Uganda, aliyefundisha shule Dodoma kabla ya kuwa askofu, alikuwa wa mkondo huohuo. Mwaka 1977 aliikimbia Uganda baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa na utawala wa Idi Amin, kisha akaandika kitabu ambacho jina lake tu linatangaza kwamba anampenda Amin. Waliokishangaa kitabu kile hawakuwa wamewahi kukaa kwenye ushirika wa walokole. Kivengere na Kibira walifariki mwaka mmoja, 1988, Kagera ikiwa katikati ya misiba.

Jirani yetu mmoja alikuwa wa kundi hilo. Jina lake nitaliacha, kwa kuwa mwenyewe hakupenda kutajwa. Alikuwa mjane, na sisi watoto tulimwita Bibi kama tulivyowaita wazee wote. Alfajiri alipika uji, akautia kwenye birika, akajifunga kitenge cha pili juu ya kile cha kwanza, akatoka. Mama yangu alizoea kunituma nimbebee kuni au ndoo ya maji, ndiyo sababu mengine niliyaona kwa macho yangu.

Kijana mmoja wa kijijini alikuwa amerudishwa kutoka mjini. Alipoondoka alikuwa mtu wa kutazamwa: alifanya biashara ya magendo, akashika fedha mapema, akarudi sikukuu za Krismasi na viatu vya kung'aa na redio begani. Sasa hakuweza kukaa bila kuegemezwa. Kwao walimtandikia kwenye kibanda cha uani. Bibi alisimama mlangoni akasema, "Bwana asifiwe." Hakujibiwa. Akainama, akaingia, akaweka birika chini. Harufu ilinizuia mlangoni na ndoo yangu.

"Bibi, wewe unanijua mimi?" kijana aliuliza. Aliuliza kama mtu anayetaka kumpa mgeni nafasi ya kuondoka mapema kwa heshima.

"Nakujua, mwanangu. Na mimi Yesu ananijua. Geuka nikuoshe mgongo."

Alimwosha. Alizikusanya shuka akaenda kuzifua mtoni, mahali pa chini kabisa, wanawake wengine walipokwisha kuondoka. Alimnywesha uji kwa kijiko, polepole, akimfuta kidevu. Wakati wa kurudi alikaa kwenye jiwe kando ya njia, akatapika, akajifuta kwa ncha ya kitenge, akaniambia nisimwambie mtu. Kisha akafumba macho akaomba. Kesho yake alikwenda tena.

Baadaye, nilipokuwa nimekua, mama alinieleza jambo ambalo sikulijua. Kwetu kuna biashara iitwayo butura: mwenye shida huiuza kahawa yake ingali mtini, mbichi au hata maua, kwa mtu mwenye fedha taslimu, kwa bei ya kutupa, kwa kuwa shida haingoji mavuno. Serikali imeipiga vita butura miaka na miaka bila kuimaliza. Mwaka ambao mume wa Bibi alikuwa mahututi, aliyeinunua kahawa yao ikiwa mtini ni yule kijana. Alilipa fedha iliyotosha chumvi, sabuni na nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya Ndolage. Mavuno yalipofika alichuma yote. Mama alipomuuliza Bibi kama ameyasahau hayo, alijibu kwamba hajayasahau hata kidogo. Alisema tu kwamba kama Mungu angemdai yeye kahawa zake zote, asingebaki na mti hata mmoja.

Katika mahubiri yote niliyokwisha kuyasikia juu ya neema, sijasikia ufafanuzi unaoupita huo.

Upendo wao haukuishia kwenye uji. Yule kijana alipofariki aliacha mke na watoto wadogo, na matanga hayajaisha ukoo ulikuwa umeshaanza kupima kibanja, yaani shamba la nyumbani kwao. Walisema mwanamke ndiye aliyemuua, arudi kwao. Baraza la ukoo lilipokaa, wazee wawili wa ushirika walikwenda wakaketi pale bila kualikwa. Mmoja alikuwa fundi baiskeli, mtu mpole asiyejua kupaza sauti. Aliposimama alisema kwamba marehemu amekufa akiwa ameungama na kusamehewa, na kwamba aliyesamehewa na Mungu hawezi kuacha watoto wake wafukuzwe shambani na wanadamu. Walibishana mpaka jioni. Mjane alibaki kwenye kibanja. Haikuwa hivyo kila mara. Wajane wengi walifukuzwa, na walokole walirudi nyumbani wameshindwa. Lakini walikuwepo. Mjane aliyefukuzwa aliondoka akijua kwamba wapo waliosimama upande wake mbele ya watu.

Hakuna aliyeandika hayo. Hapakuwa na daftari la nani alikwenda kwa nani. Aliyefika alionekana na yule aliyefikiwa, na hiyo ilitosha.

Ndiyo maana nilipoingia darasa la kipaimara na kukariri Katekismo Ndogo, ile aliyoiandika Martin Luther mwaka 1529, sikuona kitu kigeni. Katekismo inatufundisha kwamba vyote tulivyo navyo, kuanzia mwili na roho hadi chakula na nyumba, Mungu ametupa kwa wema wake, sisi tukiwa hatuna cha kustahili. Mwinjilisti wetu alikuwa akitupitisha kwenye sura ya pili ya Waefeso, akituonyesha jinsi Paulo anavyosema kwamba wokovu ni zawadi, haununuliwi kwa matendo, kisha papo hapo, hajavuta hata pumzi, anaongeza kwamba tumeumbwa upya kwa ajili ya matendo mema. Alitupitisha pia kwenye sura ya pili ya Yakobo, kwa yule anayemwambia mwenye njaa na baridi aende kwa amani akale na kuota moto, huku hampi kitu. Watu wengi hudhani Paulo na Yakobo wanagombana. Sisi tulikuwa tumeshawaona wakiwa wamoja, wamevaa vitenge viwili, wameshika birika.

Na nyuma ya Paulo na Yakobo lipo jambo kubwa zaidi, ambalo ndilo msingi wa haya yote. Mungu alikuwa na manabii wa kuwatuma, na aliwatuma. Alikuwa na malaika, na aliwatuma. Lakini ilipofika saa ya kutuokoa hakumtuma mwingine badala yake. Alikuja mwenyewe. Alizaliwa zizini, akachoka njiani, akaomba maji kisimani, akamgusa mwenye ukoma ambaye angeweza kumponya kwa neno tu akiwa amesimama mbali. Hapo ndipo ninaposhika mimi: Yesu aliweza kuponya kwa mbali, na mara nyingine alifanya hivyo, lakini yule mwenye ukoma alimgusa. Mgonjwa yule alihitaji afya, na alihitaji pia mkono wa mtu. Neema ya Wakristo wote duniani inasimama juu ya Mungu aliyekuja. Upendo unaotoka katika neema hiyo hufuata nyayo zake, nao huja.

Miaka ile yenyewe sitamani irudi. Nani angetamani? Tulizika walimu wetu, tulizika wenzetu wa darasani. Mwaka 1996 upimaji mjini Bukoba ulionyesha kwamba maambukizi yameshuka hadi karibu asilimia 13, na kuanzia mwaka 2004 Tanzania ilianza mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo. Watu ambao zamani tungekuwa tumeshawachimbia kaburi wanalima, wanaoa, wanazaa watoto wasio na maambukizi. Nawashukuru wauguzi, watafiti na walipa kodi wa nchi za mbali ambao hatutawaona. Hayo nayo ni matendo ya upendo, na Mungu huyatumia.

Nashukuru pia kwa simu. Huduma ya kutuma pesa kwa simu ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, ilifungua njia ambayo babu zetu hawakuiota. Mwanafunzi aliyefukuzwa kwa ada leo asubuhi anaweza kuwa darasani kesho kwa sababu mjomba wake aliye Mwanza amebonyeza namba. Mgonjwa anayehitaji upasuaji usiku anachangiwa na watu walio mikoa mitano kabla hajapandishwa kwenye gari. Sharika zetu zina idara za diakonia zenye bajeti na taarifa za hesabu. Nisingependa kumwambia yeyote aache kutuma.

Ninachosikitikia ni kwamba tumeacha kutuma kuchukue mahali pa kuja.

Nimejaribu kufuatilia lini tulianza kubadilika, na naona njia kadhaa zilizokutana. Moja ilianza kwa nia njema kabisa. Miaka ya 1990 miradi ya ukimwi ilifika vijijini ikawatafuta watu wanaotembelea wagonjwa. Iliwapa semina, glovu, sabuni, baiskeli na posho. Ilikuwa haki wapewe. Bibi alifua shuka zile kwa mikono mitupu muda mrefu kupita kiasi. Lakini kidogo kidogo kumtembelea mgonjwa kukawa kazi ya waliosomea semina. Majirani wengine wakasema yupo mhusika. Kisha miradi ikafunga vitabu vyake, posho ikakoma, na wahusika wakarudi kwenye mashamba yao. Wale majirani hawakurejea. Walikuwa wameshasahau njia.

Nyingine ni umbali. Watoto wetu wako Dar es Salaam, Arusha, Kampala na ng'ambo ya bahari, na hilo si kosa lao, kwa kuwa vibanja vilivyogawanywa vizazi vingi havitoshi kulisha kila mtu. Nyingine ni mahubiri. Yapo mahubiri yanayopendwa sana siku hizi yanayofundisha kwamba sadaka ni mbegu, na anayepanda atavuna gari na nyumba. Neema ikishakuwa njia ya kupata, jirani anakuwa shamba la kupandia, na mgonjwa asiyeweza kurudisha chochote ni ardhi isiyofaa. Bibi asingeyaelewa mafundisho hayo. Alimpandia mtu aliyekuwa akifa.

Leo mwanausharika akiugua, taarifa inafika kwenye kundi la WhatsApp kabla ya saa kupita. Pole zinamiminika. Mweka hazina anafungua orodha: namba, jina, ahadi, taslimu. Kila anayelipa anawekewa alama ya tiki, orodha inatumwa upya, kila mtu anaona nani ametoa ngapi na nani bado. Naelewa kwa nini orodha ipo. Fedha za watu zinahitaji uwazi, na bila maandishi kungekuwa na maneno. Lakini kitu fulani hutokea kwa anayepokea. Nimeketi na mama mmoja aliyechangiwa matibabu, akanionyesha orodha ile kwenye simu yake, akaniambia anaisoma kila usiku ili asimsahau yeyote siku wao watakapofiwa. Alikuwa na hofu ya mdaiwa. Tulimpa msaada mkubwa, na pamoja nao tukampa deni la kubeba.

Misiba nayo imekuwa hivyo. Kuna kamati, kuna mshereheshaji, kuna fulana zenye picha ya marehemu, kuna watu wa kukodi kwa ajili ya chakula, viti na turubai. Mfiwa hasumbuki na jiko, na hilo ni jema. Ila nimeona matanga ambapo usiku wa pili viti vilikuwa vimepangwa vizuri chini ya turubai na mjane yuko ndani na dada yake tu. Waliochanga walikuwa mamia. Walikuwa wameshalala.

Bibi mwenyewe alifika uzeeni kabisa, akapata kiharusi upande wa kulia. Kanisa halikumtupa. Alichangiwa, na fedha iliyopatikana ilikuwa nyingi. Alinunuliwa kiti cha magurudumu na godoro jipya, na jina lake lilitajwa katika maombi kila Jumapili. Wanawe walimtumia fedha kila mwisho wa mwezi bila kukosa. Walimwekea bati jipya na sakafu ya vigae, wakamwajiria binti wa kumsaidia. Nilipofika likizo nilimkuta amelazwa katika chumba safi chenye dirisha la kioo. Aliyekuwa akimwosha mgongo alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mama wa Kiislamu, ambaye alikuja kila siku baada ya sala ya alasiri na kumsaidia yule binti kumgeuza. Nilimshukuru. Akaniambia nisimshukuru, kwa kuwa Bibi aliwahi kuingia kwao wakati hakuna aliyeingia.

Nilimuuliza Bibi kama watu wa ushirika wanakuja. Maneno yake yalikuwa yamelegea, ikanibidi nisogeze sikio. Alisema, "Wananipenda. Wananitumia." Hakuwa analalamika. Alisema kwa shukrani kabisa, na ndiyo maana kauli ile imekaa nami kuliko lawama yoyote ambayo angeweza kuitoa.

Mtu atasema kwamba dunia imebadilika na haya hayarudi. Sikubali. Septemba 10, 2016 ardhi ilipotetemeka Kagera na nyumba kuanguka Bukoba na vijiji vinavyouzunguka mji huo, watu waliogopa kulala ndani. Tulilala nje, chini ya migomba na maturubai, majirani ambao kwa muda mrefu tulikuwa tunapungiana mikono tu. Tulipika pamoja. Wanaume waliingia kwenye kuta zilizopasuka kuwatolea wajane magodoro na magunia ya maharage. Hapakuwa na aliyeuliza nani ametoa ngapi. Kwa siku chache kile kitu cha zamani kilirudi, na kilikuja kwa urahisi ulionionyesha kwamba hakijafa. Kinasubiri kuitwa, na si lazima kiitwe na tetemeko.

Kipo pia kila Jumapili, kwenye mnada baada ya ibada. Sharika nyingi za Kilutheri bado hunadi sadaka za vitu: mkungu wa ndizi, kuku, mayai, maharage kwenye kikapu. Nimemwona mtu akinunua yai moja kwa bei ya trei nzima, kisha akavuka uwanja na kulitia mkononi mwa kikongwe yuleyule aliyelitoa. Fedha imeingia kanisani, yai limerudi kwa mwenyewe, na hakuna anayemdai mwenzake. Wale wanaocheka na kupiga vigelegele pale uwanjani wanaijua neema vizuri kuliko wanavyodhani. Inabaki tu wavuke uwanja na kuendelea mbele, mpaka kwenye nyumba ya yule ambaye siku hizi hawezi kufika mnadani.

Ombi langu kwa Wakristo wenzangu ni la kawaida sana. Tuendelee kutuma, tena tutume zaidi, lakini kila anayetuma awe na nyumba moja anayoingia. Moja tu, ya mtu asiye ndugu yake wala bosi wake, ambaye hana namna ya kumlipa. Akae naye. Amkate kucha, amsomee Zaburi kama ni msomaji, amchotee maji kama si msomaji, amsikilize akirudia habari ile aliyoisimulia wiki iliyopita. Anayeishi mbali na wazazi wake aingie kwa mzee aliye karibu naye kule aliko, na amwombe Mungu amwinulie mtu kama yeye wa kuingia kwa mama yake kijijini. Wachungaji wanaotangaza michango madhabahuni watangaze pia nani yuko peke yake na ni saa ngapi anapenda kutembelewa. Na orodha za fedha zikae kwa mweka hazina na wakaguzi, ambako uwazi utapatikana bila mgonjwa kulala nazo mkononi.

Wengi watasema wanaogopa kwenda kwa sababu hawajui wakifika waseme nini. Bibi naye hakuwa na maneno mengi. Aliwajua wagonjwa wake, alijua kwamba yeye mwenyewe anajulikana na amesamehewa, akawaambia wageuke awaoshe mgongo. Kazi hiyo haihitaji semina wala posho. Inamhitaji mtu anayeamini kweli kwamba yeye alikujiwa na Mungu bure, akatoka nyumbani kwake wiki hii akaenda kwa mwingine.